Ufunguo wa Pili wa Ghala la Silaha

"Shemeji, hiyo sare unampigia pasi nani?"

Jirani wa mlango wa pili alimuuliza Sajini swali hilo asubuhi moja, ameegemea nguzo ya ua na ndoo tupu mkononi. Mshahara wa serikali ulikuwa umekatika tangu mwezi wa tatu. Hakimu alikuwa amefunga chumba chake, akapotea na mihuri. Milango ya shule ilikuwa imeshapikiwa uji. Na bado kila alfajiri Sajini aliweka makaa kwenye pasi, akanyoosha kola, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

Mkewe, mkunga wa mtaa, ndiye aliyemjibia kutoka jikoni.

"Mwache, shoga. Akiivua hiyo atabaki mwanamume wa kawaida, na mimi sikuolewa na wa kawaida."

Wanawake wale wakacheka. Wiki mbili baadaye mkunga alipigwa risasi ya kifua kwenye daraja, jua linawaka, mkoba wake wa uzazi ukiwa begani.

Tangu siku hiyo, ndugu msomaji, Sajini amebaki na kazi moja duniani: kumtafuta mtu anayeitwa Kijiko. Huyo ndiye aliyetajwa. Mkubwa wa vijana wa vizuizi, wanaojifunga vitambaa usoni na kuwavua wapita njia hata viatu. Wanamwita Kijiko kwa sababu hutembea na kijiko mfukoni kama karani anavyotembea na kalamu, na hula popote anapokuta sufuria. Jina lake mtaa mzima unalijua. Uso wake hakuna anayeujua.

Siku thelathini na sita Sajini alimfuata. Ya thelathini na saba akaambiwa: kwa kinyozi, saa sita mchana. Toleo lililopita tulimwacha hapo, bastola mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika ncha ya taulo la moto lililofunika uso wa mtu aliyelala kwenye kiti.

Akavuta.

Aliyekuwa chini ya taulo alikuwa Mkuu wa kituo. Bosi wake. Mtu aliyesemekana ameuawa barabarani wiki tatu zilizopita.

"Afande," alisema Sajini. "Nimeshakuandika marehemu."

"Basi nifute," alijibu Mkuu. "Una raba?"

Shavu moja lilikuwa safi. La pili lilikuwa limejaa povu. Chini ya shuka la kinyozi, pale kwenye tumbo, kulikuwa na kitu kimeinuka, na hakikuwa kitambi.

"Ninayo ya kwangu humu ndani, Sajini. Inakutazama kiunoni. Weka yako kwenye karai la maji, taratibu, tuongee kama watu waliokula chungu kimoja miaka kumi na moja."

Nyuma ya Sajini mlango ulifungwa. Aligeuza shingo kidogo. Konstebo alikuwa amesimama pale na bunduki ndefu, kijana aliyemfundisha mwenyewe kupiga saluti na kuandika maelezo ya shahidi. Konstebo alitazama buti zake.

"Na wewe?" aliuliza Sajini.

"Watoto wanakula, afande," alisema Konstebo.

Bastola ilizama kwenye karai. Povu la sabuni likaifunika.

"Wakubwa wangu," alisema kinyozi, wembe umeganda hewani, "mimi siingilii ya serikali. Lakini mkisikia haja ya kupigana, naomba mtoke uani. Vioo hivi vitatu ndivyo vilivyobaki mtaa mzima."

"Nyoa," alisema Mkuu. "Nikitoka hapa nusu nusu nitachekwa."

Kinyozi akanyoa. Wembe ulipogusa ngozi, mkono ulikuwa umetulia. Kazi ya miaka mingi ina adabu yake.

"Nimekuletea zawadi," alisema Mkuu.

"Sikuomba."

"Umeiomba siku thelathini na saba. Umemuuliza muuza mkaa, umemuuliza fundi viatu, umekwenda mpaka kwa mama wa watu umemkuta anafua ukamwaga maji yake. Konstebo, mlete."

Konstebo aliingia chumba cha nyuma, kile ambamo kinyozi huchemshia taulo. Akatoka anamvuta mtu kwa kamba. Mikono imefungwa kwa mbele, uso umevimba hata macho yamebaki mistari miwili, mdomo umepasuka. Kwenye mfuko wa shati, kijiko.

Sajini aliitazama ile shaba iliyofifia ikining'inia pale mfukoni, na moyo wake ukapiga mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi.

"Kijiko," alisema Mkuu. "Mwenyewe. Bastola yako naitoa kwenye karai nakurudishia na risasi moja. Uani kuna ukuta mzuri. Ukimaliza, unanipa changu."

"Kipi?"

"Unakijua."

Na wewe msomaji ukijue. Ghala la silaha la kituo lina mlango wa chuma uliochomekwa ndani ya zege, na mlango huo una matundu mawili ya funguo. Ufunguo mmoja hukaa kwa Mkuu. Wa pili hukaa kwa sajini wa ghala, ndiye Sajini wetu huyu. Lazima zigeuzwe pamoja, mikono miwili ya watu wawili, ndivyo walivyopanga waliojenga, ili mtu mmoja asiwe na tamaa peke yake. Ukitaka kuulipua mlango, utalipuka na risasi zote zilizomo, na nusu ya mtaa. Mle ndani zimebaki bunduki mia mbili na kumi. Katika mji huu usio na hakimu wala mahakama, ule mlango uliofungwa ndiyo sheria pekee iliyosalia.

"Nani anazitaka?" aliuliza Sajini.

"Watu wa ng'ambo ya daraja, wenyeji wangu tangu niwe marehemu. Kabla jua halijazama."

"Wakizipata wataanzia mtaa wetu."

"Wataanzia popote. Wewe utakuwa umeshalipiza, hamisha mama yako, kalime. Unataka nini tena?"

Sajini alimtazama yule mfungwa. Mara ngapi usiku alilala anaupanga mkutano huu. Alishapanga hata maneno. Sasa maneno yote yalikuwa yamekimbia, na kilichobaki kinywani kilikuwa cha kazi tu.

"Mahabusu hakabidhiwi bila karatasi," alisema.

Mkuu aliangua kicheko, kinyozi akauondoa wembe haraka.

"Unamwona huyu? Miaka kumi na moja ananiletea karatasi asubuhi, nami natia sahihi huku nakunywa chai. Andika, bwana. Andika upesi. Kinyozi, mpe karatasi."

Kinyozi alimpa kalenda ya zamani, nyuma ni nyeupe. Sajini alitoa kalamu ya risasi mfukoni, akailamba ncha, akapiga mistari minne iliyonyooka kama ameshika rula. Aliyekabidhi. Aliyekabidhiwa. Hali ya mwili. Mali aliyokutwa nayo.

"Majeraha," alisema.

"Hesabu mwenyewe," alijibu Kijiko. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kijana, na hata katika hali ile ilikuwa na ufidhuli ndani yake. "Mimi nikifika saba huwa naanza upya."

"Mali."

"Kijiko kimoja. Usikipoteze."

"Jina."

"Si umeshaliandika?"

"Hilo la mtaani halikai kwenye daftari. La kitambulisho. Lako na la baba yako."

Kijiko alitema damu pembeni, akalitaja jina lake la kitambulisho, na la baba yake.

Kalamu ya Sajini ilisimama.

Jina lile alikuwa ameliandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko huu huu, kwenye daftari la mahabusu. Wizi wa milango miwili ya shule. Chumba namba mbili. Kaingia Alhamisi. Katoka Jumamosi.

"Uliwahi kuwekwa ndani?" aliuliza polepole.

"Mara moja. Wewe ndiye uliyeniweka." Yale macho mistari yalijaribu kufunguka. "Umenisahau, Sajini? Sikulaumu, kwa uso huu hata mama angenipita. Ulinipa maji kwa kopo la bluu. Ukaniambia milango ya shule si kuni."

"Alhamisi."

"Alhamisi. Na Ijumaa alasiri nilikuwa nimeshika nondo, naomba nipelekwe chooni, ndipo akaja huyu bwana." Aliinua kidevu kuelekea kwenye kiti. "Akakuita pembeni. Ukakaa chini sakafuni, na sare yako. Mimi ndiye niliyekuambia pole, kwenye nondo. Wa kwanza kabisa. Umesahau na hilo?"

Hakuwa amelisahau. Alikuwa na sauti ile kichwani siku thelathini na saba, sauti ya kijana isiyo na uso ikisema pole mzee, pole sana, na hakupata hata kuuliza ilitoka kwa nani.

Sasa ona kosa lilivyotokea, maana lilikuwa kosa la watu wenye utaratibu. Daftari la polisi huandika jina la kitambulisho. La mtaani haliandikwi, ndiyo sheria. Sajini aliandika jina la kitambulisho, akamfunga mtu, hakujua kuwa amemfunga Kijiko. Mkuu akatia sahihi daftari Ijumaa asubuhi bila kusoma, kama kawaida yake, na alasiri akaja kusema muuaji ni Kijiko. Alichagua jina baya kuliko yote mjini. Hakujua mwenye jina alikuwa hatua tano kutoka hapo, nyuma ya nondo, anamsikiliza.

"Mbona hukusema?" Sajini alimuuliza Kijiko, taratibu sana.

"Kwamba mimi ndiye Kijiko? Ndani ya kituo cha polisi?" Kijiko alijaribu kucheka, mdomo ukamuuma. "Nilikuwa naogopa milango miwili, ningejitwisha na maiti? Jumamosi ukanifungulia mwenyewe. Ulikuwa umetoka kuzika. Nikakimbia."

Kinyozi aliusimamisha wembe.

"Afande," alisema Sajini. Hakugeuka. Alikuwa bado anaitazama karatasi. "Nani alikuambia ni Kijiko?"

"Shahidi."

"Yupi?"

Mkuu alimpa kinyozi ishara arudi nyuma, akakaa wima kitini, shuka likateleza, bastola ikaonekana wazi. Alikuwa na povu kidogo tu chini ya sikio.

"Ningekuwa nasoma yale makaratasi yako," alisema, kama mtu anayejilaumu kwa kuusahau mwavuli nyumbani.

"Ni wewe."

"Nilikuwa darajani na wale watu wa ng'ambo. Sanduku moja tu, bunduki kumi, zilizokuwa nje ya ghala kwa matengenezo. Mkeo anakuja na mkoba wake. Nikasema moyoni, apite. Wengi walikuwa wanapita wanatazama chini, na Mungu ni shahidi ningemwacha. Yeye akasimama." Mkuu alitikisa kichwa. "Akaniamkia, Sajini. Shikamoo afande, hizo mnazipeleka wapi, mume wangu anajua? Akitabasamu. Asingeniamkia angekuwa hai mpaka leo."

Kijiko alisema kitu kidogo kwa sauti ya chini. Nadhani ilikuwa dua, ingawa kwa mtu wa namna ile sina uhakika.

"Alikuwa anatoka wapi?" aliuliza Sajini.

"Mimi nitajuaje?"

"Alikuwa anatoka kwa Konstebo." Sajini sasa aligeuka, akamtazama kijana mlangoni. "Mke wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mapacha, na wa pili alikuwa amelala vibaya. Mke wangu aliwatoa wote wawili wazima. Alikuwa anarudi kuniambia."

Konstebo hakutikisika. Bunduki ilikuwa imelala mikononi mwake kama alivyofundishwa. Kwenye shingo tu, mshipa mmoja ulikuwa unacheza.

"Hadithi za kina mama baadaye," alisema Mkuu. "Umejua, sawa, umejua. Mambo yamekuwa mabaya kidogo kuliko nilivyopanga, lakini biashara ni ile ile. Ufunguo."

"Niue."

"Nikikuua ufunguo nitautafuta wapi? Sina akili hiyo mbaya." Mkuu aligeuza bastola, akaielekeza kwa kinyozi. "Nitaanza na huyu. Halafu Kijiko, huyo hata hatuhesabu. Halafu nitapita kwa yule jirani yako mwenye maswali mengi. Nitakwenda mlango kwa mlango, Sajini, mpaka ukumbuke ulipouweka."

"Bwana mkubwa," alisema kinyozi. Wembe ulimdondoka. "Bwana mkubwa, mimi nina wateja kesho."

"Nitahesabu mpaka tatu. Moja."

Kinyozi alifumba macho. Midomo yake ikaanza kwenda.

Mfikirie Sajini pale. Aliyemuua mkewe ameketi mbele yake, amenyolewa, ananukia sabuni, na yeye hana hata jiwe. Kilichompeleka huku na huko siku thelathini na saba kiko umbali wa mkono, na akiurusha mkono huo kinyozi anakufa kwanza. Akisema ulipo ufunguo, mtaa mzima unakufa jioni. Akinyamaza, unakufa mmoja mmoja kuanzia sasa.

"Mbili."

"Ufunguo anao mke wangu," alisema Sajini.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka mlangoni.

Mkuu alikunja uso. "Mkeo yuko kaburini."

"Ndiyo."

"Usinichezee."

"Niliachwa naye dakika tano kabla hawajaifunga sanda. Niliutoa shingoni mwangu, nikauweka kwenye kiganja chake cha kulia, nikamfumba vidole. Nilijijua, afande. Ningebaki nao ningelifungua lile ghala mimi mwenyewe usiku ule ule, nikauchoma huu mji nyumba kwa nyumba mpaka nimpate Kijiko. Nikaona bora ninyang'anywe na mtu ambaye sitaweza kumnyang'anya."

Bomba la kinyozi lilidondosha tone moja kwenye karai, juu ya bastola.

Kila mtu mle ndani alimwamini. Mtu hawezi kubuni jambo kama lile.

Mkuu alichukua taulo, akajifuta povu chini ya sikio. Akajitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule. Kisha akashusha bastola kutoka kwa kinyozi na kuileta kifuani kwa Sajini.

"Kaburi liko upande gani wa uzio wa makaburi?" aliuliza.

Kijiko aliinua kichwa. "We mzee," alisema, "hata mimi, hata mimi siwezi hilo."

"Nani kakuuliza? Konstebo, kalete majembe."

Konstebo aliirekebisha bunduki mikononi.

"Mangapi, afande?"

"Mawili. Moja lako, moja la Sajini, yeye ndiye anayepajua. Na kamba. Udongo bado haujashikana, hatutachukua muda."

Sajini hakumtazama Mkuu. Alimtazama yule kijana, na hakumwomba kitu. Alishasema kila alichokuwa nacho. Kilichobaki hakikuwa mikononi mwake.

Konstebo alimtazama Mkuu kitini. Akamtazama Sajini. Akaitazama ile karatasi ya kalenda juu ya meza, yenye mistari minne iliyonyooka, majeraha, mali, na jina moja la kitambulisho.

"Unangoja nini?" alisema Mkuu. "Jua halitusubiri."

Konstebo alifungua mlango. Mwanga wa saa saba ukaingia mpaka miguuni pa kiti. Pale kizingitini alisimama, akakoki bunduki, akatoka.